Afadhali si Kipimo: Tupime Mwendo wa Kifundo cha Mkono

UKURASA WA AFYA
Na tabibu msaidizi, Singe, Babati

Mvua za masika zikianza hapa Singe, njia huteleza. Mama anatoka kuchota maji, ndoo iko kichwani. Mara mguu unateleza. Mtu anapoanguka hutanguliza mkono ili asiumie uso. Uzito wote wa mwili unaangukia kiganja. Hapo ndipo mfupa ulio karibu na kifundo cha mkono huvunjika.

Ajali hii si ya Babati tu. Hutokea duniani kote. Mwaka 1814 daktari mmoja wa Dublin, Ireland, aitwaye Abraham Colles, aliandika maelezo ya mvunjiko wa namna hii. Wakati huo picha za eksirei zilikuwa bado hazijagunduliwa. Yeye aliutambua kwa kutazama na kwa kushika. Mpaka leo mvunjiko huo unaitwa kwa jina lake.

Mfupa huu ukifungwa vizuri, mara nyingi huunga. Mgonjwa hufunguliwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita "hogo", naye huambiwa: "Umepona." Lakini mfupa kuunga ni jambo moja. Kifundo kurudi katika kazi yake ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na mfupa mzima na mkono usiofaa kwa jembe.

Basi tutajuaje kwamba kifundo kinarudi? Tutajua kwa kupima. Leo tutajifunza namna ya kupima mwendo wa kifundo cha mkono, na makosa yanayoharibu kipimo hicho.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kueleza, yafaa niseme kwa nini naandika habari hii.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa katika zahanati nyingine, si hapa Singe. Alikuja mama mmoja mkulima. Alikuwa amevunjika mkono wa kulia, karibu na kifundo, mwanzoni mwa Machi. Hospitali walimfunga plasta kwa wiki sita. Alipofunguliwa, aliambiwa aendelee kuja kwangu ili nimtazame.

Alikuja mara tatu. Kila mara nilimwambia, "Mama, inua mkono." Aliinua. Niliutazama kwa macho, nikaona umekwenda juu. Niliandika katika daftari lake: "Afadhali." Mara ya pili niliandika: "Afadhali." Mara ya tatu niliandika tena: "Afadhali."

Mwezi Juni alikuja mara ya nne. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaliweka daftari juu ya meza, akasema:

"Mwanangu daktari, mimi sasa najua kusoma. Nimesoma humu. Umeandika afadhali, afadhali, afadhali. Lakini ugali sisongi. Palizi nimelipa vibarua, na mbuzi wangu wawili wamekwenda. Hiyo afadhali iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo ndipo nilipochukua kifaa cha kupimia pembe, nikampima kama nilivyofundishwa chuoni. Mkono wake mzima, wa kushoto, uliinuka nyuzi 70. Mkono ulioumia uliinuka nyuzi 15 tu.

Je, macho yangu yaliona nini siku zile? Nilipotazama vizuri niligundua. Mama alipoambiwa ainue mkono, aliinua kiwiko kutoka mezani. Pia alinyoosha vidole kwenda juu. Mkono wote ulionekana kupanda, lakini kifundo chenyewe hakikupanda. Mimi nilikuwa nimetazama vidole na kiwiko. Kifundo sikukitazama. Wiki nyingi zilipotea kwa sababu hiyo.

NYUZI NI NINI?

Urefu wa shamba tunaupima kwa mita au kwa hatua. Uzito wa mahindi tunaupima kwa kilo. Kiungo kinachokunjika tunakipima kwa nyuzi.

Chukua ukurasa wa gazeti hili. Tazama kona yake. Kona hiyo ni nyuzi 90. Sasa kunja kona hiyo katikati, ili kingo zake mbili zilaliane. Umepata nyuzi 45. Chukua kona nyingine, uikunje mara tatu zilizo sawa. Kila sehemu ni nyuzi 30. Bila kununua kitu umepata vipimo vitatu: 90, 45 na 30. Vitunze, maana tutavitumia baadaye.

Shuleni watoto hutumia kipimapembe. Ni kile cha nusu duara kilicho katika mkebe wa hesabu. Hospitali hutumia kifaa kiitwacho goniometa. Hiki ni kipimapembe chenye mikono miwili kama ya mkasi. Mkono mmoja wa kifaa hutulia. Wa pili hufuata kiungo kinavyokwenda. Pale mikono miwili inapokutana panaitwa kitovu cha kifaa.

KIFUNDO KINAKWENDA WAPI?

Kifundo cha mkono ni pale tunapovaa saa au bangili. Tusikichanganye na kiwiko, ambacho ni pale mkono unapokunjika katikati. Sehemu iliyo mbele ya kifundo, pamoja na vidole, katika makala haya tutaiita kitanga.

Laza mkono wako mezani, kiganja kikitazama chini. Kitanga kikiwa kimenyooka sawa na mkono, hapo ni sifuri. Kutoka sifuri kifundo kina njia nne:

1. Kuinua. Kitanga kinakwenda juu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nyuzi kama 70.

2. Kuinamisha. Kitanga kinakwenda chini. Ni nyuzi kama 80.

3. Kwenda upande wa dole gumba. Ni nyuzi kama 20.

4. Kwenda upande wa kidole cha mwisho. Ni nyuzi kama 30.

Kuanzia sifuri mkono ukiwa umenyooka ni utaratibu unaotumika katika nchi nyingi. Mwaka 1965 chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani kilitoa kitabu kidogo kilichoeleza utaratibu huu kwa viungo vyote. Faida yake ni kwamba nambari inayoandikwa Babati inaeleweka vilevile Moshi au Dar es Salaam.

Lakini watu hawafanani. Kijana hulegea zaidi ya mzee. Kwa hiyo kipimo bora cha mgonjwa ni mkono wake mwingine, ule mzima. Upime huo kwanza. Mkono mzima ukiinuka nyuzi 60, tusidai mkono mgonjwa ufike 70.

Kuna pia kugeuza kiganja juu na chini. Ukipokea chenji unageuza kiganja juu. Ukiiweka mezani unakigeuza chini. Mwendo huo hufanywa na mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Nao unaweza kupungua baada ya mvunjiko, kwa hiyo usisahauliwe. Lakini upimwe na kuandikwa peke yake.

KWA NINI MKULIMA ANAHITAJI KUINUA?

Fanya jaribio hili sasa hivi. Inamisha kifundo chako mpaka mwisho. Kikiwa vivyo hivyo, jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Unaona? Ngumi haikazi. Sasa inua kifundo juu kidogo, ufumbe tena. Ngumi inakaza.

Sababu ni kano. Kano ni kama kamba. Zinatoka kwenye misuli ya mkono, zinapita juu ya kifundo, zinafika kwenye vidole. Kifundo kikiinama sana, kamba za kufumba zinalegea. Wakati huohuo kamba za mgongo wa mkono zinavutwa, na hizo zinazuia vidole visifumbe.

Maana yake ni hii. Mtu ambaye kifundo chake hakiinuki, hashiki vizuri. Mpini wa jembe unamponyoka. Mwiko wa ugali unamshinda. Kukama ng'ombe kunamchosha. Hawezi kuinuka kutoka chini kwa kuegemea kiganja. Watafiti waliopima watu wakifanya shughuli za kila siku wameona kwamba shughuli nyingi huwezekana mtu akiwa na nyuzi kama 40 za kuinua na 40 za kuinamisha. Kazi za kusukuma na kuegemea huhitaji zaidi.

Kwa hiyo nyuzi 15 za mama yule hazikuwa jambo dogo. Zilikuwa palizi. Zilikuwa mbuzi wawili.

NAMNA YA KUPIMA

Haya ndiyo tunayofanya zahanati au hospitali. Nawe msomaji yafaa uyajue, ili ujue kama unapimwa vizuri.

Kwanza, kukaa. Mgonjwa akae kwenye kiti kando ya meza. Bega lilegee. Kiwiko kikunjwe nyuzi 90. Mkono ulale mezani kuanzia kiwiko hadi kifundo, kiganja kikitazama chini. Kitanga kipite ukingo wa meza, ili kiweze kwenda juu na chini bila kuzuiliwa.

Pili, kuonyesha. Mpimaji amwonyeshe mgonjwa mwendo unaotakiwa. Mgonjwa aufanye kwanza kwa mkono mzima. Kisha aufanye mara mbili tatu kwa mkono mgonjwa, pole pole, ili kiungo kipate moto kidogo.

Tatu, kuweka kifaa. Kwa kuinua na kuinamisha, kifaa huwekwa ubavuni, upande wa kidole cha mwisho. Kitovu chake kikae kwenye kifundo. Mkono unaotulia ufuate mfupa kuelekea ncha ya kiwiko. Mkono unaokwenda ufuate mfupa wa kitanga ulio chini ya kidole cha mwisho. Angalia hapa: tunafuata mfupa wa kitanga, wala si kidole chenyewe. Kidole kinaweza kwenda peke yake na kutudanganya.

Nne, vidole vilegee. Wakati wa kuinua, vidole viachwe vijikunje vyenyewe. Wakati wa kuinamisha, mgonjwa asifumbe ngumi. Jaribu mwenyewe: fumba ngumi, halafu inamisha kifundo. Sasa legeza vidole, uinamishe tena. Safari ya pili kifundo kimekwenda zaidi. Kifundo ni kile kile, ila zile kamba za mgongo wa mkono zilikuwa zimevutwa na ngumi.

Tano, kusoma. Mpimaji ainame mpaka macho yake yawe sawa na kifaa. Ukisoma kutoka juu au pembeni, nambari hubadilika. Ni kama kusoma mizani ya dukani ukiwa umesimama upande.

Sita, kupima mara mbili. Kwanza mgonjwa aende mwenyewe mpaka anapoweza. Andika nambari. Kisha mpimaji amsaidie taratibu kwa mkono wake, bila kulazimisha, mpaka kiungo kinapogoma au maumivu yanapoanza. Andika nambari ya pili.

Nambari hizi mbili zina habari yake. Mgonjwa akifika 15 mwenyewe, na akisaidiwa pia anafika 15, basi kiungo chenyewe kimekaza. Akifika 15 mwenyewe, lakini akisaidiwa anafika 50, basi njia ya kiungo iko wazi. Tatizo linaweza kuwa misuli iliyodhoofika, kano iliyokatika, mshipa wa fahamu ulioumia, au hofu ya maumivu. Tiba za mambo hayo hazifanani. Asiyepima mara mbili atatibu kwa kubahatisha.

Kwa kwenda upande wa dole gumba na upande wa kidole cha mwisho, kitanga chote kilale mezani. Kifaa kiwekwe juu, katikati ya kifundo. Mkono unaotulia ufuate katikati ya mkono kuelekea kiwiko. Mkono unaokwenda ufuate mfupa wa kitanga ulio chini ya kidole cha kati. Kiwiko kisihame.

MAKOSA YANAYOHARIBU KIPIMO

1. Kiwiko au mkono kunyanyuka kutoka mezani. Hili ndilo kosa nililolipitisha mimi.

2. Kufuata vidole badala ya mfupa wa kitanga.

3. Kitanga kuinuka huku kimelala upande mmoja. Kiende juu moja kwa moja.

4. Kupima asubuhi wiki hii, na jioni wiki ijayo. Viungo vingi hukaza zaidi asubuhi. Tupime saa zile zile.

5. Kupima kabla ya mazoezi wiki hii, na baada ya mazoezi wiki ijayo.

6. Kubadilisha mpimaji kila mara. Kila mtu ana mkono wake. Ikiwezekana, mpimaji awe yule yule, na kifaa kiwe kile kile.

7. Kufurahia tofauti ndogo. Hata mpimaji mzuri anaweza kukosea nyuzi 5 hivi. Wiki hii ukipata 30 na wiki ijayo 33, usiseme mkono umeendelea. Ukipata 30, kisha 40, sema umeendelea.

TUANDIKE

Kipimo kisichoandikwa ni maneno ya hewani. Kila kipimo kiandikwe pamoja na mambo haya: tarehe na saa, mkono upi, wa kulia au wa kushoto, mwendo upi, nyuzi ngapi mwenyewe, na ngapi kwa kusaidiwa, maumivu yalianzia wapi, na nani amepima.

Huu hapa ni mfano. Ni kuinua kwa mkono wa kulia wa mama yule, mwenyewe bila kusaidiwa. Mkono mzima ulikuwa nyuzi 70.

Siku ya kwanza: 0 hadi 15.
Wiki ya 2: 0 hadi 20.
Wiki ya 4: 0 hadi 30.
Wiki ya 6: 0 hadi 40.
Wiki ya 8: 0 hadi 45.

Tazama nambari hizo. Hata asiyejua utabibu anaona mkono unakwenda wapi. Kama nambari zingekaa 15, 15, 15, tungejua mapema kwamba mambo hayaendi, tukatafuta njia nyingine. Neno "afadhali" halitoi habari hiyo.

Siku ile ile niliyompima nilimwandikia barua ya kwenda hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi yake inaitwa fiziotherapia. Walimpa mazoezi, naye aliyafanya kila siku nyumbani. Kila wiki mbili nilimpima mezani pale pale, asubuhi, kwa kifaa kile kile. Safari hii yeye mwenyewe alikuwa akitazama nambari na kuisoma kabla yangu.

Mkono wake haukufika 70. Uliishia hapo kwenye 45 muda wote niliokuwa naye. Huenda tungeanza mapema ungefika mbali zaidi. Hilo sitalijua, nami sina la kujitetea. Lakini kwa nyuzi 45 alisonga ugali, na msimu uliofuata alishika jembe mwenyewe.

UNAWEZA KUPIMA NYUMBANI?

Ndiyo, kwa namna nyepesi. Tena ni kwa mtu ambaye amekwisha kufunguliwa plasta na kuruhusiwa kuuchezesha mkono.

Kipimo cha viganja. Weka viganja vyako viwili pamoja mbele ya kifua, kama mtu anayesali. Teremsha mikono pole pole, viganja visiachane. Viwiko vitapanuka kwenda nje. Tazama kioo, au mwambie mwenzako akutazame. Upande ambao kiganja kinaachana mapema ndio hauinuki vizuri. Kisha fanya kinyume. Kutanisha migongo ya mikono, vidole vikitazama chini. Huko unapima kuinamisha.

Kipimo cha karatasi. Laza mkono mezani, kiganja chini. Chukua ile kona ya gazeti uliyoikunja ikawa nyuzi 45. Isimamishe kando ya kifundo, upande wa kidole cha mwisho, ukingo wake mmoja ukilala mezani na ncha yake ikielekea kifundo. Sasa inua kitanga bila kunyanyua mkono. Je, mfupa wa kitanga umefika kwenye ukingo wa juu wa karatasi? Kama haukufika, jaribu karatasi ya nyuzi 30. Andika tarehe na ulichopata. Mtoto wa shule mwenye kipimapembe anaweza kukusaidia kusoma nambari yenyewe. Siku hizi hata simu nyingi za kisasa zina programu ya kupima pembe. Lakini karatasi inatosha kujua kama unaendelea au umekwama.

Kama wiki mbili zimepita na karatasi inaonyesha pale pale, usingoje. Nenda zahanati na daftari lako. Mwombe tabibu akupime kwa nyuzi, aandike, na akupe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kama inahitajika. Sisi wa Manyara tuna hospitali ya mkoa hapa hapa Babati. Usione haya kudai kipimo. Mkono ni wako, na shamba ni lako.

SIKU AMBAZO HATUPIMI

Kuna wakati kupima ni kosa. Usipime wala kuchezesha kifundo katika hali hizi:

Mtu ameumia sasa hivi, mkono umevimba au umepinda. Mfunge kijiti na kitambaa ili mkono utulie, umpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei. Usimruhusu mtu yeyote kuuvuta au kuukanda.

Mtu bado ana plasta. Kifundo kitulie. Lakini vidole, kiwiko na bega avichezeshe kila siku kama alivyoelekezwa, visije vikakaza navyo. Akiona vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi ndani ya plasta, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kifundo kimevimba, kina moto, na mtu ana homa bila kuanguka. Huenda usaha umeingia katika kiungo. Hiyo ni safari ya haraka ya hospitali.

MWISHO

Ndugu msomaji, jirani akiuliza hali, "afadhali" ni jibu zuri. Ni la heshima. Lakini katika daftari la mgonjwa neno hilo halitoshi. Mimi nililiandika mara tatu, na mtu mwingine akalipa gharama yake.

Tupime mkono mzima kwanza. Tupime kifundo chenyewe, tusipime vidole wala kiwiko. Tuandike nambari na tarehe. Tupime tena kwa namna ile ile. Aliyejifunza kusoma nambari ana uwezo wa kujua habari za mkono wake mwenyewe, na kumuuliza tabibu pale mambo yanapokwama.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kifundo cha mkono: pale tunapovaa saa au bangili.
Kiwiko: pale mkono unapokunjika katikati.
Kitanga: sehemu ya mkono iliyo mbele ya kifundo, pamoja na vidole.
Kano: kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.
Nyuzi: kipimo cha pembe. Kona ya ukurasa ni nyuzi 90.
Goniometa: kifaa chenye mikono miwili cha kupimia mwendo wa kiungo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunapima mkono mzima kabla ya mkono mgonjwa?

2. Fumba ngumi, uinamishe kifundo. Kisha legeza vidole, uinamishe tena. Eleza tofauti uliyoiona na sababu yake.

3. Mgonjwa anainua kifundo nyuzi 20 mwenyewe, na akisaidiwa anafika 55. Je, kiungo chake kimekaza? Eleza.

4. Wiki iliyopita kipimo kilikuwa 40. Leo ni 42. Je, tuseme mkono umeendelea?

5. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyevunjika mkono, akaambiwa amepona, na bado hawezi kazi zake? Kikundi chenu kinaweza kumsaidia vipi?